Taa Mbili na Giza Katikati

Kabla Mama Utepe hajashika kafi alikuwa ameshika mkasi kwa miaka kumi na minne. Chumba chake cha ushonaji kilikuwa ghorofa ya chini, dirisha moja, cherehani mbili, na kioo kirefu chenye ufa ambacho kila mteja aliahidiwa kwamba kitabadilishwa. Nilikwenda pale na majaketi kumi na mawili ya kuelea, bluu iliyokolea, niliyoyapata kwa bei ya kutupa kwa sababu mishono yake ilikuwa imeachia. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza biashara ya kukodisha kayaki, zile boti nyembamba za plastiki za mtu mmoja mmoja, kwa watu wanaotaka kuzunguka ziwani. Nikamwambia ashone palipoachia, basi.

Niliporudi nikakuta ameshona, na juu yake ameongeza utepe wa rangi ya fedha mabegani na mgongoni, ule wanaouvaa mafundi wa barabara.

"Hii sikuagiza," nikasema.

"Najua."

"Na umeitia kwenye bei."

"Nimeitia."

"Dada, mimi silipi nisichoagiza."

Hakubishana. Alifunga dirisha, akazima taa, akanivalisha jaketi moja kama anavyovalishwa mtoto wa shule, kisha akarudi mlangoni akanimulika kwa tochi. Ndani ya kile kioo nikaona mabega mawili yanawaka moto. Akanivua, akanimulika tena. Safari hii nilionekana kama kabati.

"Usiku majini hakuna anayekwepa kabati," akasema. "Haya, lipa."

Nililipa nusu ya ule utepe. Jina la Mama Utepe nilimpa mimi siku hiyohiyo, kwa kejeli, likamganda. Yeye naye akanibandika la Tajiri, kwa kejeli kubwa zaidi, nalo likaniganda.

Alikuja ziwani mara ya kwanza kuangalia kama mishono yake inashika majini. Mara ya pili aliingia kwenye kayaki. Kuogelea alikuwa amejifunza akiwa na miaka thelathini na mbili, na hakuficha kwamba alijifunza kwa sababu ya woga; maji yalimtisha tangu utotoni, akaona bora amjue adui. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na kibali cha kuongoza wageni, na wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa na kibali cha msaidizi. Cherehani akaiacha iwe kazi ya asubuhi.

Safari zetu zilizolipa vizuri zilikuwa za usiku. Watu wa mjini wanapenda kukaa katikati ya ziwa jeusi na kutazama nyota. Mama Utepe aliwapanga gatini, akawakagua mmoja mmoja kama anayewapima suti, akawahubiria.

"Filimbi ifungwe kwenye jaketi, si mfukoni. Ukianguka, mfuko unakwenda na wewe chini. Mlio mmoja, simameni. Miwili, njooni kwangu. Mitatu ni hatari, na anayenipulizia mitatu kwa mzaha atarudi nchi kavu kwa miguu. Tochi za kichwani zizimwe mpaka niseme. Ukinigeukia nayo unanipofusha, na mimi ndiye macho yenu. Tunakaa karibu na ukingo. Njia ya maboti tunaivuka mara moja tu, kwa mkato, sote pamoja. Mkitaka kufa, msife kwenye zamu yangu, nina nguo za watu za kumalizia."

Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Kisha aliangalia taa: kila kayaki na taa yake nyeupe, juu ya kijiti kirefu nyuma ya kiti, ipite kichwa cha aliyekaa. Taa ya chini, alisema, mgongo wako mwenyewe unaizima kwa anayekutazama kutoka mbele.

Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Biashara ilikua. Kayaki zikawa nane. Taa za zamani zilikuwa zimeoza kwa unyevu, ikabidi kununua nane mpya. Wageni nao walikuwa wameanza kunung'unika kwamba taa zinaharibu picha zao. Mmoja aliniambia, "Tumekuja kuona nyota, hatukuja kuonana." Nikaliweka neno hilo akilini, kwa sababu lilinifaa.

Nilikwenda kwa muuza vifaa vya maboti, mzee mnene mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine shingoni. Akanitajia bei ya taa nane. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikataja yangu ya chini, akakaa palepale. Basi nikatumia dawa yangu ya siku zote: nikachukua taa mbili, nikalipa hizo, nikasema, "Sita zilizobaki nitazipata penye watu," nikatoka. Ukitoka hivyo, unahesabu hatua. Kwa kawaida kabla ya hatua ya kumi unaitwa. Nilifika ishirini. Sikuitwa. Na mimi kurudi mwenyewe kwa mtu niliyemgeuzia mgongo, hilo sijawahi kulifanya tangu nianze kuuza mitumba barabarani.

Mama Utepe alizipokea zile taa mbili akazitazama.

"Nyingine?"

"Ziko njiani. Kwa sasa moja ikae mbele kwako, moja nyuma kwa wifi yako. Wageni katikati. Mnakuwa kama gari moshi, mbele taa, nyuma taa. Na nyota wanaziona."

"Gari moshi lina reli, Tajiri."

"Wiki moja tu."

Kulikuwa na fomu. Kila safari ya usiku lazima kiongozi aijaze na kuiacha kwenye ofisi ya usalama wa majini: idadi ya vyombo, saa ya kurudi, na mstari mmoja unaouliza kama kila chombo kina taa. Alishika kalamu juu ya mstari ule muda mrefu.

"Weka alama," nikamwambia. "Ni karatasi. Watu sita wamelipa, wako nje wanasubiri. Tukiwarudishia, wewe na wifi yako mnakula nini wiki hii?"

Akaweka alama, akatia sahihi. Wiki moja ikawa tano. Mara tano aliniuliza zile sita, na mara tano nilikuwa na jibu.

Usiku wa wiki ya tano nilibaki gatini kama kawaida, pamoja na boti yangu ndogo ya injini ya kwenda kuwachukua wakichoka. Nilikuwa nimeketi juu ya kreti nikila mkate. Saa tatu kasoro nikasikia filimbi. Moja, mbili, tatu, kwa mkupuo.

Nilijua maana yake. Nataka hilo lieleweke vizuri. Lakini nilijiambia ni wageni wanachezea, nikautafuna ule mkate uliokuwa mdomoni, nikasubiri nisikie tena. Zikaja tena tatu. Nikasema, mgeni mkaidi huyo, atarudi kwa miguu. Ni kelele za wifi yake zilizoninyanyua.

Kilichotokea huko alinisimulia wifi baadaye, na nahodha wa boti ya mizigo akakithibitisha. Walikuwa wanavuka njia ya maboti. Mgeni mmoja alisimama apige picha, wa nyuma yake wakasimama, msururu ukarefuka. Boti ya mizigo ilikuwa inarudi ikiwa imechelewa. Nahodha aliona taa mbili, moja huku, moja kule, na nafasi kubwa katikati. Mtu mwenye akili anafanya nini? Anapita katikati. Katikati kulikuwa na watu sita kwenye plastiki nyeusi.

Mama Utepe aliona taa nyekundu na ya kijani za ile boti kwa pamoja. Ukiona moja, boti inapita pembeni. Ukiziona zote mbili, inakujia wewe. Akapuliza filimbi zake, akageuza kayaki, akarudi mbio mpaka kwenye lile giza la katikati, akasimamisha kafi juu akilipunga. Kwenye mabapa ya kafi alikuwa amebandika utepe. Nahodha aliona kitu kinameta, akakata usukani mpaka mwisho. Wageni wote sita walipona. Ubavu wa boti ulimpata yeye. Bega la kulia lilivunjika pande tatu, na alikaa majini dakika ishirini, wifi yake akimshika kichwa, boti ya mizigo ikihangaika kugeuka, na mimi nikihangaika kuwasha injini yenye baridi.

Jaketi lilimweka juu ya maji. Utepe ndio uliotuonyesha alipo.

Ofisi ya usalama wa majini ni chumba kirefu chenye feni inayozunguka kwa manung'uniko, na mafaili yaliyopangwa mpaka dirishani. Afisa alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alituita wote: Mama Utepe, mkono umefungwa kifuani, wifi yake, nahodha, ambaye boti yake ilikuwa imezuiwa, na mimi, nimepiga pasi shati.

"Hapa panasema kila chombo kilikuwa na taa," afisa akasoma. "Sahihi ni ya nani?"

"Yangu," akasema Mama Utepe.

"Vyombo vilikuwa vinane. Taa zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Kwa hiyo umeandika uongo kwenye fomu ya serikali."

"Nimeandika."

"Kuna mtu aliyekuambia uandike?"

Alitazama meza. Nilimwona wifi yake akinikodolea macho, kama anataka kuniamsha usingizini. Mama Utepe akasema, "Kalamu niliishika mwenyewe."

Afisa akanigeukia. "Na wewe mwenye mali, ulimpa taa ngapi?"

Nikajikausha. Nikasema sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka nahisi uchungu mdomoni: "Vifaa vyetu tunavinunua kwa awamu, mheshimiwa."

Akaiandika. Akafunga faili, akasema tutarudi baada ya wiki moja, na kwamba kiongozi akithibitika kudanganya kwenye fomu, kwa uamuzi wake mwenyewe, kibali chake kinafutwa moja kwa moja. Si miezi. Maisha.

Nje, wifi yake hakunisubiri nifike getini.

"Kwa awamu!" akasema kwa sauti ya soko zima. "Na bega lake lilivunjika kwa awamu? Wewe ungekuwa na haya hata za kukopa!"

"Wifi, twende," akasema Mama Utepe.

Nilisubiri siku tatu, nikaweka pesa kwenye bahasha, nikaenda chumbani kwake. Nilikuwa nimeshapanga maneno: kibali kikienda, atashona, na mimi nitamletea kazi, nitampatia cherehani ya umeme. Nilimkuta anajaribu kuendesha kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mshono ulikuwa unakwenda kama mlevi. Alikuwa ameshaufumua mara kadhaa, sakafuni palijaa nyuzi.

"Usiitoe hiyo bahasha," akasema kabla sijakaa. "Mkono wa kulia fundi wa mifupa kasema hautapanda juu ya bega. Kushona ndiyo hivi unavyoona. Kuongoza ninaweza, kupiga kafi chini chini ninaweza, nimemuuliza. Kwa hiyo kile kibali ndicho nilichobaki nacho. Unaelewa unanunua nini?"

"Sikuja kununua."

"Tajiri, wewe hujawahi kwenda mahali usinunue." Akafuta jasho kwa bega zima. "Sitamwambia afisa kwamba ulinilazimisha. Hukunilazimisha. Nilikuwa na mdomo, ningekataa. Nataka kitu kimoja. Kesho saa mbili usiku uje gatini."

"Kufanya nini?"

"Kuhesabu. Si unajua kuhesabu?"

Nilikwenda. Nahodha alikuwepo, mikono mfukoni, mtu aliyekonda ghafla. Mama Utepe akatuweka mwisho wa gati, akapuliza mlio mmoja. Kutoka upande wa magugu wifi yake akatokea akivuta kayaki zangu nyingine saba kwa kamba, zimefungwa moja nyuma ya nyingine, hazina watu. Taa ya kwanza ilikuwa juu ya kijiti chake. Ya pili ilikuwa kwenye kayaki ya mwisho. Akazivuta mpaka kwenye njia ya maboti, akatulia.

"Hesabu vyombo," akasema Mama Utepe.

"Viwili."

"Angalia vizuri."

Nilikaza macho mpaka yakatoa machozi, na mimi si mtu wa machozi. Nilijaribu kutazama pembeni kidogo, nilijaribu kuchuchumaa. Taa mbili, na kati yake maji matulivu, peupe kabisa kwa mtu kupita. Njia nzuri. Hata mimi ningepita hapo.

"Viwili," nikasema.

Nahodha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi nilihesabu viwili, sikujua. Wewe unajua ni vinane, umevilipia mwenyewe, na bado unahesabu viwili."

Mama Utepe akawasha tochi akaielekeza majini. Alikuwa amevisha kila kiti cha katikati jaketi. Majaketi sita, ya bluu iliyokolea, yakawaka mabega katikati ya ile njia nzuri, yamekaa wima, bila vichwa.

Sikulala vizuri. Mke wangu aliniuliza kama ni tumbo, nikasema ni tumbo.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee wa miwani miwili. Nikasema nataka taa nane, za aina ileile. Akanitajia bei, na nadhani aliipandisha makusudi. Nikatoa pesa.

Akashusha miwani, akavaa ile ya shingoni, akanitazama. "Hupunguzi?"

"Sipunguzi."

"Unaumwa?"

"Nifungie, mzee."

"Mimi siku ile nilikuwa nakuita," akasema akitafuta mfuko. "Nilitaka kukupa kwa bei yako. Lakini simu ililia, nilipotoka mlangoni ulishakata kona."

Bora asingeniambia.

Kikao cha pili nilimwacha afisa asome, kisha nikasimama kabla sijaulizwa, kwa sababu najijua, ningekaa ningetafuta sentensi nyingine. Nikasema kiongozi aliomba taa sita zilizobaki mara tano. Nikasema nilinunua mbili kwa sababu ya ubishi wa bei. Nikasema siku ya kwanza ya fomu alisita kuandika, na mimi ndiye niliyemwonyesha mahali pa kuweka alama, nikamtisha kwa riziki yake.

"Wiki iliyopita ulisema awamu," afisa akasema kwa upole uleule.

"Nilikuwa nakuuzia, mheshimiwa."

Aliandika muda mrefu. Mama Utepe alisimamishwa miezi mitatu kwa ile sahihi. Kibali kikabaki chake. Boti ya nahodha ikaachiwa. Mimi nilifungiwa biashara mwaka mmoja. Aliposema "mwaka mmoja" mdomo wangu ukafunguka wenyewe, na neno "miezi sita" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamwona Mama Utepe ananitazama, kwa mara ya kwanza tangu aumie. Nikaufunga.

Taa nane nilimpelekea nyumbani. Alizizamisha moja moja kwenye ndoo, akanirudishia moja. "Hii inaingiza maji. Kaibadilishe." Nikaibadilisha. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuomba. Sijui ningeanzia bei gani.

Miezi mitatu ilipoisha alichukuliwa na mshindani wangu wa upande wa pili wa gati. Alikwenda na zile taa, sikubisha. Kayaki zangu ziko chini ya turubai. Lakini usiku wanapotoka, na mimi huwa pale, juu ya kreti langu, shingoni nimefunga filimbi. Mshindani wangu anadhani namchunguza biashara. Mimi nahesabu. Nane kwenda, nane kurudi.

Juzi nilihesabu saba. Nikahesabu tena. Saba. Nikapuliza mitatu kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa nimeshavuta kamba ya injini taa zote zilipogeuka na kuanza kuja gatini kwa kasi. Nane. Mama Utepe alifika wa kwanza, mkono wa kulia chini, anahema, ana hasira.

"Nani amekupa filimbi wewe? Umenirudisha na wageni wote!"

"Nilihesabu saba."

"Taa mbili zilikuwa kwenye mstari mmoja! Moja ilifichwa na nyingine. Ungesubiri kidogo tu ungeiona."

"Nilisubiri siku ile," nikasema. "Nilikuwa hapa hapa, nakula mkate. Nilisikia mitatu ya kwanza, nikajua, nikasubiri."

Kule kwa afisa hili sikulisema. Hakuna aliyeuliza.

Wageni walikuwa kwenye kayaki zao, hawajui tunaongea nini. Wifi yake alikuwa amefika, amesikia. Mama Utepe alilishika gati kwa mkono wa kushoto asichukuliwe na maji.

"Basi ukihesabu saba," akasema, "puliza."

Akajisukuma kutoka gatini, akapuliza miwili, wageni wakamfuata.